Mnara wa maji wa Carshalton: jengo zima la matofali kwa ajili ya birika moja

Watu wengi wanaopita West Street pale Carshalton, kusini mwa London, wakiliona lile jengo la matofali lenye mnara wanadhani ni kanisa, na siwalaumu maana lina madirisha marefu yenye matao juu na ule mnara unaonekana kabla hujafika. Sio kanisa. Ni jengo la maji. Yaani mnara wote ule na matofali yote yale kazi yake kubwa ilikuwa kubeba birika kule juu ili jumba la tajiri mmoja lipate maji ya bomba, na tunaongelea karibu mwaka 1720, wakati ambao hata Waingereza wengi wenye pesa zao walikuwa wanaletewa maji kwa ndoo.

Nimeshaenda pale mara kadhaa na kila nikienda naona kitu ambacho sikukiona kabla, kwa hiyo nimeamua niandike yote kwa urefu, maana kwa Kiswahili sijakutana na mtu aliyeliandika hili jengo na mi naona linatuhusu sana, sababu mtaziona huko mbele.

Tuanze na maji yenyewe maana bila hayo hakuna stori. Carshalton ni mji wa chemchemi. Upande wake wa kusini kuna vilima vinaitwa North Downs, na vilima hivyo ni mwamba wa chaki, sasa mvua ikinyesha kule maji hayakimbii juu ya ardhi, yanazama ndani ya chaki, yanachujwa humo, yanasafiri taratibu chini kwa chini mpaka yanapokutana na tabaka za udongo zisizopitisha maji kirahisi, hapo njia imefungwa na inabidi yatoke juu. Ndo unaanzia mto Wandle hapo, mto mfupi tu, kama kilomita 14 hivi mpaka unapoingia Thames pale Wandsworth, lakini kwa kazi uliyofanya usingeamini. Maji ya chaki hayaji kwa fujo ya mafuriko na hayakatiki ovyo, yanakuja kwa mpangilio, kwa hiyo watu walipanga magurudumu ya maji kwenye huu mto, moja baada ya jingine, ya kusaga nafaka, ya kusaga ugoro, ya kutengenezea baruti, na viwanda vya kuchapa vitambaa vikaja. William Morris, yule msanii wa vitambaa na karatasi za ukutani, alihamishia karakana zake Merton Abbey mwaka 1881 na maji ya Wandle yalikuwa sababu mojawapo. Pale Carshalton penyewe katikati ya mji kuna mabwawa mawili mazuri sana, na nje ya kanisa la All Saints kuna kisima kinaitwa kisima cha Anne Boleyn, wenyeji wanasimulia kwamba farasi wa malkia alipiga kwato pale chemchemi ikatoka, ni hadithi tu ila inaonyesha jinsi watu wa pale wanavyoyachukulia maji yao.

Haya, sasa jumba. Linaitwa Carshalton House, lilijengwa karibu mwaka 1707 na mfanyabiashara wa tumbaku aliyeitwa Edward Carleton, akafilisika, likaja kwa Dokta John Radcliffe ambaye alikuwa daktari wa wakubwa wa enzi hizo (Radcliffe Camera ile ya Oxford ni jina lake hilo, pesa alizoacha ndo zilijenga), naye akafia hapo mwaka 1714. Baada yake akaja Sir John Fellowes, na huyu ndiye aliyejenga mnara wa maji. Bustani zake anatajwa Charles Bridgeman, mmoja wa mafundi wakubwa wa bustani Uingereza nzima wakati ule, na ramani ya jengo la maji inahusishwa na Henry Joynes, mtu aliyesimamia, chini ya msanifu John Vanbrugh, ujenzi wa Blenheim Palace, jumba alilojengewa jemadari Duke wa Marlborough baada ya kushinda vita. Ukishajua hivyo unaanza kuelewa kwa nini kitu cha kuhifadhia maji kimejengwa kwa uzito na majivuno namna ile, huyu Joynes alikuwa ametoka kujenga jumba la mshindi wa vita, hakuwa na mpango wa kujenga kibanda.

Mtambo ulivyofanya kazi ni hivi. Kuna ziwa la bustani linalolishwa na chemchemi. Maji yanatoka ziwani yanapita kwenye mfereji mpaka chini ya jengo, humo kuna chumba cha pampu na gurudumu, maji yanasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha mtaimbo wenye kona, ule mtaimbo unavuta na kusukuma pistoni za pampu juu chini juu chini, na pampu zinachukua sehemu ndogo ya maji na kuyapandisha mpaka kwenye birika la risasi juu mnarani (risasi nasema ile metali nzito, sio ya bunduki). Kutoka juu kule maji yanashuka yenyewe kwa mabomba kwenda kwenye jumba. Kwa hiyo maji yanajipandisha yenyewe! Hakuna mafuta, hakuna umeme, hakuna ng'ombe wa kuzunguka, mto unatumika kuinua mto, na unafanya hivyo usiku na mchana wewe umelala. Masalio ya mtambo na gurudumu bado yapo pale ndani unayaona kwa macho, na kusema kweli nikisimama kwenye kile chumba cha pampu huwa siondoki haraka.

Kanuni yake kila mtu aliyekulia Dar au Mombasa anaijua hata kama hajawahi kuisoma darasani, ni ile ile ya simtanki juu ya mnara wa zege uani kwetu, ukitaka bomba la ghorofani litoe maji kwa nguvu inua tangi. Kila mita 10 unazoinua maji unapata presha ya kama bar 1. Na kila lita 1,000 ni tani 1 nzima ambayo lazima kitu kiibebe, saa zote, bila kuyumba, na chini yake pampu inatetemesha jengo na unyevu unakula kuta. Sisi leo tunabebesha nondo na zege. Wao walikuwa na tofali na chokaa, basi.

Na hapo kwenye tofali naomba nikae kidogo kwa sababu ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Bonde la London halina mawe mazuri ya kujengea, ila udongo wa mfinyanzi upo wa kutosha, kwa hiyo watu wa huku wamekuwa wachomaji wa matofali kwa karne nyingi. Matofali ya enzi ile yalifyatuliwa kwa mkono kwenye fomu ya mbao, yakaanikwa, yakapangwa yakachomwa, na kwa kuwa moto haufiki sawasawa kila mahali hakuna tofali mbili zenye rangi moja, ukiangalia ukuta wa mnara kwa karibu unaona nyekundu, kahawia, zambarau kidogo, nyingine imeungua ncha, na zote pamoja kwa mbali zinakupa wekundu mmoja wenye uhai ambao tofali la mashine haliwezi kukupa hata ulipe nini. Kisha mafundi wa wakati ule walikuwa na mtindo kwenye matao ya madirisha, wanachagua tofali laini zaidi, wanazisugua moja moja mpaka zinakaa umbo la kabari, halafu wanazipanga kwa chokaa laini chembamba mno, kiungo unakiona kama mstari wa kalamu. Hiyo ni kazi ya siku na siku kwa dirisha moja. Na chokaa chenyewe ni muhimu kukielewa, chokaa sio simenti, kinapumua na kinakubali jengo kujinyoosha kidogo kidogo likibadilika joto na baridi, ndo maana ukuta wenye miaka 300 ambao umeshiba unyevu kutoka chini na kubeba maji juu bado umesimama wima. Fundi yeyote wa Unguja au Lamu anayejua chokaa atanielewa, na atakuambia pia madhara ya mtu anayekuja kuziba nyufa za ukuta wa chokaa kwa simenti, unyevu unakosa pa kutokea ukuta unaoza ndani kwa ndani.

Sasa kilichonishangaza zaidi ni kwamba hawakuishia kwenye pampu na birika. Jengo hilo hilo lina sebule ya kukaa wageni wanaotazama bustani, lina chumba cha kubadilishia nguo, lina bafu la kuzama, yaani kabwawa kalikochimbwa sakafuni unashuka kwa ngazi, na kuta zake zina vigae vya Delft, vile vya udongo vyenye ngozi nyeupe inayong'aa. Madaktari wa wakati ule walikuwa wanasifia sana kuzama kwenye maji baridi, eti inaimarisha mwili na kuondoa kila aina ya ugonjwa, matajiri wakaanza kujijengea mabafu kwenye bustani zao. Fikiria maji ya chemchemi ya chaki, Uingereza, hata mwezi wa saba yanauma.

Na kuna kitu kingine, chumba cha michungwa. Chumba kikubwa chenye madirisha marefu ya kupokea jua ambacho kazi yake ni kutunza michungwa iliyopandwa kwenye vyungu ili isife na baridi, kiangazi inatolewa nje ipambe bustani na ikianza baridi inarudishwa ndani. Mtu wa Muheza akisikia kwamba kuna watu walijenga nyumba ya matofali kwa ajili ya machungwa sijui atasema nini, kwetu yanarundikwa barabarani kwenye matenga msimu ukifika. Lakini ndo kipimo cha utajiri kilikuwa hicho, uwe na kitu ambacho nchi yako haitaki kukuotesha.

Sasa pesa zilitoka wapi. Hapa ndo naomba tusome taratibu.

Sir John Fellowes alikuwa naibu gavana wa Kampuni ya South Sea, na kwa kuwa gavana mwenyewe tangu 1718 alikuwa Mfalme George I, kwa jina tu, basi naibu ndo mkubwa wa kweli pale ofisini. Kampuni ilianzishwa 1711, na watu wengi wakiitaja wanaikumbuka kwa ule mtafaruku wa hisa wa 1720, mwanzoni mwa mwaka hisa moja ilikuwa kama paundi 128, katikati ya mwaka ikafika karibu 1,000, mwisho wa mwaka ipo chini ya 200, watu wakafilisika kuanzia mabwana mpaka watumishi, hata Isaac Newton na akili zake zote aliumia. Bunge likaja juu, mwaka 1721 likanyang'anya mali za wakurugenzi kulipa waliodhulumiwa. Mali ya Fellowes ilithaminiwa zaidi ya paundi 240,000, akaachiwa 10,000. Akafariki 1724.

Stori ya hisa ndo inayosimuliwa kila mahali na ni stori nzuri ya kusimulia, ila kwangu sio yenyewe. Biashara iliyoandikwa kwenye karatasi za kampuni hii ilikuwa kuuza watu. Mwaka 1713, kwenye makubaliano ya amani ya Utrecht, Uingereza ilipata kutoka Hispania kibali kinaitwa Asiento, kibali cha kupeleka watumwa 4,800 kila mwaka kwa miaka 30 kwenye makoloni ya Hispania huko Amerika, na kibali hicho kikapewa Kampuni ya South Sea. Inakadiriwa Waafrika kama 34,000 walipakiwa na kampuni hii katika miaka kama 25. Watu wengi sana hawakufika hai. Kwa hiyo ukisimama pale kwenye bafu la vigae, unatazama maji yaliyopandishwa kwa ustadi mkubwa yakaletwa kwa tajiri aoge, kumbuka kuna watu walikuwa wamefungwa minyororo chini ya sitaha wanapimiwa maji ya kunywa, na aliyeongoza kampuni ni huyo huyo mwenye bafu. Mi siwezi kulitazama hilo jengo bila kuyaona haya yote mawili pamoja, ustadi wa mafundi na chanzo cha pesa, na sitaki mtu aniambie nichague moja. Waliofyatua tofali na kusugua matao hawakuwa wenye kampuni. Kazi yao ni ya kweli na inastahili heshima. Na waliouzwa nao ni wa kweli, ni wa kwetu, na wanastahili kutajwa humo humo ndani ya lile jengo, kwa sauti, sio pembeni.

Baada ya Fellowes jumba lilipita mikono mingi, aliwahi kukaa Philip Yorke, mwanasheria mkubwa ambaye baadaye akawa Earl wa Hardwicke, likawa chuo cha kuandaa vijana wa jeshi, na mwaka 1893 masista wa shirika la Daughters of the Cross wakalinunua wakafungua shule ya wasichana, St Philomena's, ambayo ipo mpaka leo. Masista na shule ndo waliokaa na hizi kuta muda mrefu kuliko mtu yeyote, na kwa mnara wenyewe kuna kikundi cha wenyeji wa kujitolea wanaoutunza, wengi ni watu wazima waliostaafu, wanafungua milango, wanafagia, wanakuelezea pampu kwa upendo ambao haulipwi mshahara. Mzee mmoja alinieleza habari ya mfereji kwa muda mrefu sana akinionyesha kwa mikono jinsi maji yanavyogeuka, nikamwambia kwetu tunasema mzee huyu ni maktaba, akafurahi.

Kinachosikitisha ni ziwa. Chemchemi za Carshalton hazina nguvu ya zamani, maji mengi yanavutwa kutoka kwenye chaki kwa matumizi ya mji, na ziwa la pale bustanini kuna vipindi vingi limekauka unaona nyasi tu, linarudi baada ya msimu wa baridi wenye mvua kubwa. Kwa hiyo una mtambo wa maji ulio salama na maji yenyewe ndo yamekuwa mgeni. Hili linaniuma kuliko ufa wowote ukutani, maana tofali fundi atalirudishia, chemchemi nani atairudishia.

Nikiwa pale huwa nawaza sana na vya kwetu. Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani, ikulu aliyojenga Sultan al-Hasan ibn Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya mwamba unaotazama bahari, ina birika la kuogea la pembe nane lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hiyo ni miaka 400 kabla ya Fellowes, na kisiwa hakina mto wa kuzungusha gurudumu, maana yake kila tone lililoingia mule lilivutwa na kubebwa na watu. Au Kidichi Unguja, mabafu ya 1850 ya Sayyid Said katikati ya mashamba ya karafuu, aliyomjengea mke wake aliyetoka Uajemi, yenye yale maua na ndege wa plasta kwenye kuta. Na karafuu nazo tunajua zilichumwa na nani. Mfanano ni mkubwa mpaka unatisha, tajiri na shamba lake nje ya mji, maji yamegeuzwa anasa, na nyuma ya maji kuna watu waliomilikiwa. Tofauti ni kwamba Carshalton wakifungua Jumapili za kiangazi kuna mtu mlangoni wa kukuelezea, na mi natamani Kidichi na Husuni Kubwa nazo zipate watu wa mtaa wenye funguo na wenye stori, watoto wa shule za karibu waingie bure wapimwe hata kwa maswali, hili birika lilijaaje, nani alibeba, maji yalitoka upande upi.

Kwa walioko London wanaotaka kwenda, panda treni Victoria mpaka Carshalton, ni kama kilomita 16 tu kutoka katikati ya jiji, ukishuka unatembea kidogo unafika. Kawaida wanafungua Jumapili mchana miezi ya joto, ila ni eneo la shule kwa hiyo hakikisha ratiba kwanza usije ukakuta geti limefungwa. Ukifika anzia nje, zunguka uangalie tofali za matao kwa karibu kabla hujaingia, halafu shuka kwenye chumba cha pampu, bafu liache mwisho. Waulize wale wazee habari ya Kampuni ya South Sea, wanajua, na wakiulizwa wanaeleza vizuri. Ukitoka pita mabwawani, kuna makumbusho madogo ya Honeywood pale pale pembeni ya maji.

Na mlioko nyumbani, hasa Tanga na Morogoro kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, kama shamba la kwenu lina tangi au mnara wa maji wa matofali ya kuchoma uliojengwa zamani za wakoloni, nipigieni picha kabla haujabomolewa kwa ajili ya tofali, nahitaji kuona hasa lile tao la chini na mahali bomba linapoingilia, na kama kuna mzee aliyefanya kazi hapo mwambieni ninaomba dakika zake, nitampigia mimi.